Siko Hapa

Jumamosi, 3 Mei

Chiriku wangu leo kajificha nyuma ya pazia, miguu yote nje, anapiga kelele: mama, siko hapa! Nimecheka hadi machozi. Miaka mitatu na nusu. Kule chekechea ninakofundisha, wa umri wake wote wako hivyo—anachokijua yeye, anadhani kila mtu anakijua.

Baba yake kamchukua asubuhi, kamrudisha jioni. Ndivyo tunavyoishi tangu ahamie kwa dada yake. Salamu tu, basi. Afadhali, kuliko yale maneno ya mwezi uliopita—eti nyumba nibaki nayo, mtoto ni wake! Hasira tu zile. Najiambia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemjaribu Chiriku kwa kopo la biskuti. Ndani nimetia vifungo vya nguo. Kafungua, kanuna. Nikamuuliza: yaya akiliona hili kopo, atadhani lina nini? Vifungo! Lakini yaya hajalifungua, nikasema. Kanitazama kama mjinga ni mimi. Bado hajafika pale pa kujua kwamba mwenzake hajui. Hakuna haraka.

Jumapili, 11 Mei

Jana karudi na viatu vipya, vya kamba. Vya nini? Baba yake kasema watoto wanakua. Wifi yangu kakaa garini, kaniuliza dirishani kama mtoto hulia akilala bila mimi. Nikamjibu hajawahi kulala bila mimi.

"Atazoea," kasema, kapandisha kioo.

Leo namwogesha, Chiriku kaniuliza kwenye ndege watu wanakojoa wapi. Ndege gani? Kashangaa. "Si unajua, mama!"

"Sijui, mwanangu. Niambie."

 Kanitazama muda mrefu, sabuni inamtiririka usoni. Hata hakupangusa. Wala hakusema tena.

Jumatano, 14 Mei

Kopo tena. Yaya atadhani lina nini? Kafikiri. "Biskuti." Halafu polepole: "Yeye hajui. Mimi najua."

Amevuka! Wengine darasani kwangu wana miaka minne na bado. Nilipomsimulia mwalimu mkuu, kasema hongera, sasa umepata mwongo ndani ya nyumba. Tukacheka sana.

Jioni namvua soksi. Bila kuulizwa: "Mama, hatuendi mbali kwa ndege."

Nani haendi?

"Mimi na baba na shangazi. Hatuendi." Kisha kajiziba mdomo kwa kiganja. Chiriku huyu, asiyeweza kumeza hata neno moja!

Naogopa. Nimempigia baba yake. Eti mtoto anaota, nisimchoshe kwa masomo yangu. Nikamwambia Jumamosi hamchukui. Kasema sawa. Upesi mno.

Ijumaa, 16 Mei

Sikungoja kengele. Nimerudi mbio, mlango nimeukuta wazi. Yaya jikoni na pakiti ya maziwa mkononi, analia. Baba yake Chiriku alipita, kamtuma dukani mara moja tu. Nilimwonya jana asimwachie mtoto! Lakini angemkataliaje baba mtu?

Viatu vya kamba havipo. Sweta halipo. Simu ya baba yake haipatikani, ya wifi nayo haipatikani. Jirani anatoa gari, tunakwenda uwanja wa ndege. Naandika hivi huku namngoja alitoe.

Yaya anasema labda kajificha tu. Asubuhi mtoto alimwambia atamchezea mama mchezo wa kujificha.

Nimetafuta vyumba vyote. Uvungu wa kitanda. Kabatini. Limebaki pazia. Nimeita: Chiriku, uko wapi? Kimya. Miguu haionekani. Lakini siku hizi anajua kuificha. Siku hizi anajua kunyamaza.

Jirani anapiga honi. Pazia sijalivuta bado.