Mkeka wa Somoe

Mtanda, Lindi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi kile kifua, kimepungua? Baridi ya huko Likawage naijua. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Kaka Shaibu akusomee taratibu, maana kuna jambo nimekuficha tangu mwaka jana.

Mdogo wangu Somoe hakutorokea Dar. Siku ile tulipokwenda bwawani kukata ukindu tuligombana. Alisema amechoka, nikamfokea, "Kama hutaki kazi, si uruke uende zako!"

Mama, akaruka. Pale aliposimama zilibaki ndala zake, na juu ya mti ndege tetere analia.

Bibi mmoja aliyekuwa akichota maji aliona yote. Akaniambia nikakae mbali na nyumbani, nimsukie Somoe mkeka wa kimo chake, vipande saba, na nisitamke hata neno mpaka niushone wote. Akilala juu yake ataamka mtu. Alikataza mdomo. Mkono hakuutaja, ndiyo maana nathubutu kuandika.

Huku wananiita bubu. Wanawake wanasengenyana mbele yangu bila kushusha sauti, siri za mtaa mzima ninazo mimi. Lakini upweke unanitafuna, mama. Kila asubuhi nikiloweka ukindu, Somoe anatua dirishani, analia wee, nami siwezi hata kumwambia anisamehe.

Najua unasema nimeota kiburi. Simu zako nilikuwa napokea ili nikusikie tu. "Haloo? Haloo? Mtandao gani huu!" Nacheka huku machozi yananitoka.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nashona kipande cha saba, imebaki shubiri moja. Ukapiga. Hukusema haloo. Uliita tu, "We Zuhura!", kama vile uko jikoni nami niko uani.

Nikaitika, "Abee mama!"

Mkeka ulifumuka wote mapajani mwangu. Somoe akaruka, siku tatu sikumwona. Jana karudi, katua palepale, ananitazama.

Nimeanza tena kipande cha kwanza. Nisalimie shangazi anayekusaidia kuokota korosho, na kaka Shaibu asante kwa kusoma. Ndala za Somoe ziko uvunguni mwa kitanda changu huko nyumbani, uzifute vumbi.

Na simu, mama, nakuomba usinipigie tena. Ukiniita nitaitika.

Mwanao,
Zuhura