Kaka, Safari Hii Jibu Mwenyewe

Kwako kaka yangu Mbaraka,

Kazi yako uliipoteza masika ya mwaka juzi, Jumatatu asubuhi, uani kwa Bi Tatu hapa Temeke, alipotuambia tusilete makuti tena kwa kuwa amekwisha nunua madebe ya kuezekea. Mie nikakupoteza wewe kabla mwezi haujaandama. Kazi yako ilichukuliwa na madebe na bati. Wewe ulichukuliwa na nini, hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Shikamoo. Mama hajambo, ni ule mguu wake tu, na kufunga anafunga ingawa tumemkataza. Barua hii nimeiandika ya wazi kwa makusudi. Najua huko kambini kwenu kwenye mkonge karani huwasomea watu barua zao jioni, na kila mwenye masikio anasikia. Nilifikiri kumtuma mtu akunong'oneze, kisha nikaona si haki. Lile neno nililisema mbele za watu, basi na hili walisikie watu. Nawe karani, soma taratibu, usiruke mahali.

Unaikumbuka nyumba ya kwanza tuliyoezeka wawili? Baba alikuwa hana hata mwaka kaburini, na mie nilikuwa nafika kifuani kwako. Wewe juu ya fito, mie chini nakurushia makuti, na kwa kila moja ninalorusha ulitaka nitaje idadi. "Hesabu kwa sauti, nikusikie." Nikifika mia na kitu unasimamisha mkono. "Umeruka." Mie nakataa, nasema sijaruka. "Umeruka. Mia na kumi na mbili umeimeza? Rudi ulipopotelea." Mwenye nyumba alikaa kwenye kinu akitucheka, akisema kwa mtindo huu paa litakwisha mvua imekwisha. Lilikwisha kabla ya alasiri, na hatukurudi kuomba kuti hata moja la kuongezea. Nilipoingia shule, mwalimu alishangaa mtoto wa Temeke amezijua wapi hesabu za kichwa. Nikamwambia nimezaliwa nazo. Angalia nilivyoanza mapema.

Sasa niliseme lile la kiwanja cha mbao.

Baada ya Bi Tatu, wateja walikatika mmoja mmoja. Kila mwenye kiwanja kipya alitaka bati, na asiye na uwezo wa bati alitafuta madebe ya petroli akayapasua. Tukasikia kontrakta anaandika watu barabara ya Kilwa. Tukaenda tukapanga mstari, wewe nyuma yangu. Alikuwa akipita mwenyewe, anamwuliza kila mtu neno moja tu: unajua nini? Alipofika kwangu nikamwambia najua kusoma, kuandika na kuhesabu. Akanijaribu kwa mbao zilizolundikwa pale, nikampa jibu kabla hajamaliza kuuliza. Akaniambia simama kule. Kisha akakuelekea wewe.

"Na huyu?"

"Kaka yangu," nikasema.

"Anajua nini?"

Wewe ulikuwa unayapanga maneno yako kama unavyopanga makuti, bila haraka. Na mie nikaogopa. Nikaona kimya chako kitamchosha, atatufukuza wote wawili. Nikakujibia. "Huyu ni wa makuti, bwana. Makuti tu."

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Mpeni banda la kuku akaezeke." Kontrakta akapita kwa mtu mwingine, na wewe ukabaki umesimama, mdomo umeufungua nusu.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kisimani, ukasema, "Ahsante kwa kunisemea, mdogo wangu." Ukateka maji, ukampelekea mama. Afadhali ungenipiga kofi.

Na mie nina langu, kaka, siwezi kujifanya sina. Mdomo ulikuwa nao. Ungeweza kusema "ngoja, bwana, nijibu mwenyewe." Ungeweza kunigombeza njiani kama kaka anavyomgombeza mdogo wake, yakaisha. Badala yake uliondoka alfajiri na mwandikisha watu wa mkonge, na mie habari nikaipata kwa muuza maji. Mama akanitazama mie kana kwamba nimekuficha uvunguni. Tangu siku ile, mafuta ya taa ni mie, dawa ya mguu ni mie, na kila magharibi kuulizwa "kaka yako je?" ni mie. Hemedi wa jirani alipomaliza kipande chake cha siku za kazi huko, alileta salamu zako. Za mama zilikuwapo, za Bi Tatu aliyetunyima kazi zilikuwapo, mpaka mbuzi wa Hemedi ulimwulizia kama amezaa. Nikasubiri zangu. Hemedi akakuna kichwa, akasema, "Basi, ni hizo." Nilikasirika mwezi mzima.

Hasira ingenifaa kama isingekuwa ile kazi. Nilidhani nimekuacha nyuma, kumbe kila niendako nakukuta umetangulia.

Tulijenga ghala Kipawa. Mvua ya kwanza tu, likavuja. Mafundi wakapigilia misumari zaidi, wakapaka lami, likazidi. Mie nilikuwa mwandika hesabu ya bati tu, si fundi. Nikakumbuka kwamba hukupanda paa hata siku moja kabla ya kuizunguka nyumba kwa miguu, unatazama ukuta gani una matope yaliyorushwa na mvua. "Usitazame tundu," ulikuwa ukiniambia, "tazama maji yanatoka wapi." Nikalizunguka ghala. Matope yote yalikuwa ukuta wa kusini. Bati zilianza kupangwa kutoka huko huko, kwa hiyo kila zilipolaliana mdomo ulielekea upepo, ukaalika mvua ndani. Nikawaambia wazifumue, waanzie upande wa pili. Wakanicheka. Kontrakta akasema jaribuni. Halikuvuja tena hata tone.

Wiki ile ile akanipa watu wa kuwasimamia. Wawili kati yao walikuwa hawapatani, kila siku matusi ya mama kwa mama. Nikawatwika boriti moja, huyu mbele, huyu nyuma, kama ulivyowafanyia wale shemeji wawili kule kwa Mzee Kondo. Ukitwikwa boriti moja na mtu, lazima usikilize hatua yake. Hawakupendana, lakini walinyamaza. Na kila asubuhi, kabla mtu hajapanda jukwaa, nikawataka kila mmoja avute fundo la kamba alilofunga mwenzake, si lake, kama ulivyonizoesha. Wakaninung'unikia, hasa mmoja wa kutoka bara, kijana mjuaji. "Nyapara, sie watoto wadogo?" Siku moja akavuta fundo la mwenziwe likafunguka lote mkononi mwake, kamba ikaning'inia. Akaitazama, akanitazama mie. Toka siku ile anavuta kabla sijasema.

Hapo ndipo kontrakta aliponiuliza, mbele ya watu wote, "Wewe haya umejifunza wapi?"

Kaka, nilikuwa na nafasi. Jina lako lilikuwa hapa mdomoni. Nikasema, "Nimejifundisha mwenyewe, bwana."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama, namna nilivyosifiwa, namna nilivyojibu. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso. "Mwenyewe," akasema. "Na lile fundo ulizaliwa nalo kiunoni?"

Sikulala vizuri, lakini hilo si la kukuelezea, wewe ndiye unayelala kambini. Kesho yake baada ya futari nikamwambia mama, taja kila kitu anachojua Mbaraka, usitaje makuti. Akaanza kutaja, mie nikihesabu kwa vidole. Anajua maji yanapita wapi. Anatazama fremu tupu akakwambia itakula vifaa kiasi gani, na hakosei. Anajua nani kaja kazini na ugomvi wa nyumbani, siku hiyo hampandishi juu. Anajua kusema na mwenye nyumba mkali bila kujikomba. Anajua kufundisha mtoto asiyetaka kufundishwa, na hapo mama alinitazama. Akaendelea mpaka vidole vya mikono vikaisha. Nikacheka, kisha sikucheka tena, maana nilikuwa nimesimama navyo vyote hivyo vidole mbele ya kontrakta, akaniuliza anajua nini huyu, na katika yote nikampa kimoja, kile kile kilichokufa.

Makuti ndiyo uliyoyashika, kaka. Hayakuwa yote unayoyajua. Sikulifahamu hilo siku ile, na nadhani hata wewe hukulifahamu, ndiyo maana ulinyamaza. Mtu akifanya kazi moja tangu utoto, akiulizwa anajua nini hutaja jina la kazi. Sie wa makuti tumezoea hivyo: fulani wa makuti, fulani wa chokaa, fulani wa mashua. Jina likikosa mteja tunajiona na sie tumekwisha.

Juzi nilimwendea kontrakta. Nikamwambia, bwana, yule uliyemwacha kwenye mstari ndiye aliyezuia maji ya Kipawa. Nikamweleza yote, na kwamba lile la kujifundisha mwenyewe lilikuwa uongo. Alinitazama sana. Nilidhani ataniondoa. Akasema anaanza nyumba kule Kinondoni, na anatafuta msimamizi wa kikosi cha pili, mtu wa kupanga watu na vifaa na kuliangalia paa lisimwaibishe. Nikasema, basi mchukue kaka yangu. Akatikisa kichwa.

"Mara ya kwanza ulimjibia wewe, nikapata hasara. Safari hii sitaki kujibiwa na mdogo mtu. Aje aseme mwenyewe."

Nikamwomba ataje siku.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Hemedi anasema kipande chako kinaisha mwishoni mwa Ramadhani hii, na kwamba mwandikisha atakuja na kipande kingine kabla vumbi la Idi halijatua, kama afanyavyo kila mara. Ukikishika, umejifunga tena, na Kinondoni atapewa mtu mwingine. Kontrakta atangoja mpaka Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, asubuhi, kiwanja kile kile cha mbao. Baada ya hapo hangoji, na mie sina uso wa kumwomba angoje.

Usije kwa ajili ya kunisamehe. Hilo lina wakati wake, na ukitaka kunigombeza, mama amekwisha sema atakaa pembeni asikuzuie. Usije pia kwa kuwa mie nimekutafutia kazi, maana sikukutafutia, nimejaribu tu kukirudisha mahali pake nilichokichukua. Njoo kama unajijua. Kama hujijui, mwambie karani akusomee tena pale mama alipotaja, mie nikihesabu kwa vidole.

Mie kwenye kiwanja nitakuwapo. Nitasimama nyuma yako kwenye mstari, na atakapokuuliza nitafunga mdomo, hata kimya chako kikichukua nusu saa.

Ila nataka jibu kabla ya hapo, na nalitaka kwa kinywa chako, si kwa Hemedi wala kwa salamu za mbuzi. Karani amekwisha maliza kusoma. Wenzako wamekaa hapo wanasikiliza, kama walivyosikiliza wale wa kwenye mstari. Mwambie aandike usemavyo, neno kwa neno, barua inifikie kabla ya mwezi wa Idi kuandama.

Kaka Mbaraka, unajua nini?

Ni mie mdogo wako, niliyekuwa nikikurushia makuti