Sili Mkate wa Nyumba Hii

Jumatatu, 1 Oktoba 2018

Wiki ya sita hapa mjini Buinaksk. Kupasua kuni, kubeba magunia ya unga, kuwasha tanuri, kukanda. Asubuhi vidole havikunjiki. Mkahawa ulijaa toka saa tatu.

Chakar, mpishi wetu wa kabila la Waavari, alikuwa akitoa hinkali, madonge ya unga ya kuchemsha, chunguni huku akinifokea. “Choma! Choma na uma kabla hazijanywea kama uso wako!” Nikachoma. Zile za Kiavari ni nene, zisipochomwa zikiwa moto zinabonyea na kuwa kijivu. Sefer, yeye Mlezgi, akasema kwao hinkali ni nyembamba, hazihitaji daktari wa sindano. Wakatukanana mpaka mchana. Kwa raha tu.

Mchana wenzangu wote walikula chudu, mikate bapa ya kujazwa, hizi za boga. Mimi nikaenda nyuma ya kuni na unga wangu wa shayiri ya kukaanga. Maji kidogo, nakanda tonge kwa mkono. Sefer ananicheka: “Ninyi Wadargi, bwana! Mtu anakanda mikate kutwa, halafu anakula chakula cha punda.”

Nimewaambia tumbo langu halipatani na mafuta. Uongo. Tumbo langu linalia.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nariman mwenye mkahawa kasema rasmi: Jumamosi ya wiki ijayo wanapeleka sinia ya chudu kwa wazazi wa mchumba wake. Mchumba mpya! Kila mtu kampongeza. Na mimi nimempa mkono. Mkono wake una joto. Nilitamani kuuvunja.

Wacha niandike, maana hakuna wa kumwambia. Huyu Nariman alimchumbia dada yangu Uzlipat miaka miwili iliyopita. Mimi nilikuwa kaskazini, kwenye kazi za ujenzi. Ndiyo maana hapa hawanijui, na kijiji nimewatajia cha uongo. Wachumba hupelekeana sinia, basi Uzlipat alipika chudu za kwetu, nene, nyama na viazi, zimefungwa kwa msuko pembeni kama pindo la koti. Zikashushwa huku kwa Wakumiki. Hawa chudu yao ni nyembamba kama kitambaa. Mama yake Nariman akazitazama, akasema: msichana mvivu, hata kusukuma unga hakusukuma.

Sinia ikarudi. Chudu moja imeumwa mara moja, nyingine hazijaguswa. Wakairudisha mchana, haijafunikwa, ikapita penye chemchemi wanawake wote wakiteka maji. Uchumba ukaishia hapo.

Uzlipat hajagusa unga tangu siku ile. Anaosha vyombo, anachunga ng'ombe, lakini unga hagusi. Na haendi chemchemini. Ana miaka ishirini na tatu!

Jumapili, 7 Oktoba

Nimepata. Nariman kasema mwenyewe: “Bahmud, una mabega. Sinia utabeba wewe.”

Mimi! Nitaibeba mpaka mlangoni kwa wakwe. Pale, mbele ya wajomba zao wote, nitafunua, nitauma chudu moja moja. Zote tisa, maana sinia ya uchumba ni chudu tisa. Nitataja jina la baba yangu na la Uzlipat. Halafu nitakwenda zangu. Wakinipiga, wanipige.

Ndiyo maana sili hapa. Babu alikuwa akisema ukishameza mkate wa mtu, mkono wako juu yake umefungwa. Aliyekula akaja kudhuru, huyo hata mbwa wa kijiji hawambwekei, wanamkimbia. Sitaki kulipa kisasi kama mwizi. Nataka kukilipa nikiwa safi.

Jumanne, 9 Oktoba

Unga wa shayiri umekwisha. Nilikung'uta mfuko. Nimebakiwa na kipande cha nyama kavu, kama kiganja.

Chakar kaniwekea chudu mbili za jibini juu ya magunia, kafunika na kitambaa. “Kula, kaka. Sitamwambia mtu kwamba tumbo lako limekubali.” Nikampa mbwa. Mbwa alizitafuna akinitazama. Nilimchukia yule mbwa!

Ijumaa, 12 Oktoba

Nyama ilikwisha jana. Nikinyanyua gunia naona nyota.

Kesho.

Jumamosi, 13 Oktoba

Saa nne asubuhi. Naandika nyuma ya kuni, haraka.

Mama Bariyat, mama yake Nariman, kaja jikoni mwenyewe. Chudu za wakwe hapiki mtu mwingine. Kawatoa Chakar na Sefer, kanibakiza mimi niangalie moto. Nikamtazama anavyosukuma unga. Mnene! Anaweka nyama, viazi, anasuka pembeni kichudu kimoja cha kwanza. Kama za mama yangu kabisa. Nikashindwa kunyamaza, nikasema: kumbe na Wakumiki wanapika hizi?

Akasema wakwe wapya wanatoka milimani, kajifunza kwa ajili yao. Akacheka kidogo. “Za namna hii niliwahi kuletewa, mwanangu. Nikazirudisha. Moja niliiuma kwanza. Ilikuwa tamu! Tamu kweli. Lakini mawifi walikuwa wamenizunguka, wananitazama, wanangoja nitasema nini. Nikasema walichokuwa wanakitaka.”

Alisema hivyo hivyo, huku anasuka. Mimi nilikuwa nimeshika gogo.

Halafu akatazama mlango, akashusha sauti. Tangu ule ugonjwa wa msimu wa baridi uliopita hasikii ladha. Chumvi, sukari, kwake ni mamoja. Mwanawe hajui. “Hawa wa jikoni midomo yao haina kufuli. Wewe huongei, na huli na mtu.” Alikuwa amekioka kile kichudu cha kwanza, cha kuonjea. Akakimega, akanitia mdomoni kwa mkono wake, kama mtoto. “Nionjee chumvi. Nyingine sijazifunika na unga wa juu bado, naweza kuongeza.”

Sikupata nafasi ya kugeuza uso. Nikaonyesha kwa kidole kwamba moto unataka kuni, nikatoka.

Kipande kiko shavuni. Sijameza; nikimeza, mkono umefungwa.

Hakina chumvi. Hata chembe! Kasahau kabisa. Chudu tisa, karai zima la nyama, vyote vimepooza. Wakwe watauma, watatazamana, na watasema wanayoyasema watu. Mimi sina haja ya kuuma chochote wala kutaja jina la mtu. Nikisema tu imetosha, basi.

Kutema siwezi. Nimejaribu, nimeinama hapa mara mbili. Mkate hautemwi chini. Na njaa nayo—ulimi unakivuta wenyewe, mafuta ya kondoo yameanza kuteremka kooni. Sijui kama hayo yanahesabiwa.

Anaita. “We mwanangu! Kuni gani hizo? Imetosha au haijatosha? Nifunike?”

Nasikia bangili zake zinagonga karai.

“Mwanangu?”

Siwezi kumjibu huku mdomo umejaa.