Deki Itakayoonyesha Maneno Yako

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na nyumba yako yote. U hali gani? Mgongo wako umepoa, au bado unainuka kitandani kwa awamu? Shemeji na kazi yake ya zamu wanaelewana? Na watoto, wanakua au wanarefuka tu? Sisi huku Mungu anatushika mkono. Miguu yangu inavimba nikikaa sana kushona, lakini si ya kulalamikia. Shangazi yenu anakula vizuri, macho ndiyo yanayozidi kumwishia. Kitinda mimba wetu amemaliza mitihani, anasubiri majibu, na kwa sasa kazi yake hapa nyumbani ni kula na kunisahihisha.

Kaka yako ni mzima wa mwili. Masikio ndiyo yale yale. Tangu ile homa ya mwaka jana hayajapokea hata honi ya lori. Gereji wamemwachia breki na magurudumu, kazi ya macho na mikono, kwa sababu ile ya kuinamia injini na kuutaja ugonjwa wake kwa kuisikia tu haiwezekani tena. Hilo amelipokea. Lililonikalisha niandike ni jingine, na nimechanganyikiwa, wifi, usinicheke.

Ningekupigia simu. Lakini kaka yako akiniona na simu sikioni anadhani tunamsema. Anaacha alichokuwa akifanya na kuniangalia mdomo. Kwa hiyo nimeona bora kalamu. Barua ataiona, akitaka ataisoma.

Flashi yako ilifika salama. Yule dada uliyempa aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Ulituambia kuna video sita, na kwamba binti yako mkubwa amekaa jioni kadhaa akiandika chini yake kila unachosema, ili mjomba wake asome. Nilimshukuru Mungu kwa binti huyo. Tukakaa sebuleni sote: mimi, kitinda mimba, shangazi, na kaka yako katikati kwenye kiti chake kile cha mbao. Televisheni ikafungua video ya kwanza. Ukatokea na aproni yako, umenenepa vizuri, unazungumza. Chini, hakuna kitu. Si neno, si nukta.

Na wewe ukaendelea. Ulipofika pale kaka yako alipojificha kabatini siku ya kung'olewa jino, tukacheka mpaka shangazi akavua miwani. Kaka yako akageuka akauliza unasema nini. Unajua natembea na daftari kwa ajili yake, limening'inia shingoni kama kitambulisho. Nikaandika: "Anakusalimu sana." Akalisoma daftari. Akamtazama shangazi anayefuta machozi. Akautazama mdomo wako ambao bado unakwenda. Akasema, bila hasira hata kidogo:

"Dakika nne za salamu."

Akabeba kiti chake akatoka nacho uani. Asubuhi nilipomwomba radhi aliniambia atarudi kukaa pale siku dada yake atakapomwambia mwenyewe. Sasa ni wiki ya tano. Anakula na sisi, anashukuru, anasali na sisi, kisha anabeba kiti. Pale katikati, baina yangu na shangazi, hakai mtu mwingine. Hata mgeni akija anapaona, anachagua kwingine.

Basi ikawa juu yangu kutafuta deki itakayoonyesha maneno yako, kwa sababu televisheni yenyewe ilikuwa imeshindwa. Nikaenda kwa muuza redio wa kona, ambaye mtaa mzima unamwita Betri kwa kuwa haishiwi maneno. Nilidhani nitasema nataka deki, atanipa deki. Wifi, kuna kidude kama kibiriti unakichomeka nyuma ya televisheni, nacho kinataka mtandao mchana kutwa. Kuna kisanduku cheusi chenye taa ya buluu ambacho hakitaki mtandao bali flashi tu. Kuna kingine kikubwa zaidi, rimoti yake ina vitufe vingi kuliko kinanda cha kanisani. Vyote vitatu, kwa mujibu wa Betri, ndivyo bora. Aliniuliza video zako ni za aina gani. Nikamwambia za kifamilia. Akainamisha kichwa kidogo, nadhani alikuwa anaomba subira.

Akanipa kile cheusi nikajaribu kwa wiki moja, kisipofaa nikirudishe. Tukakiunganisha. Ukatokea tena na aproni yako, na chini hakuna kitu. Kitinda mimba akasema lazima kuna mahali pa kuwashia maneno. Tukabonyeza. Tukabonyeza tena. Tukafaulu kugeuza televisheni nzima ikaongea lugha ambayo herufi zake ni kama ndoano, na kwa siku mbili hatukujua pa kuongezea sauti. Shangazi alikuwa ameshaanza kusema labda maneno yamedondoka njiani.

Nikarudi kwa Betri na flashi na kisanduku chake. Akaifungua kwenye kompyuta yake, akatazama, akaniuliza:

"Mama, maneno yenyewe yako wapi?"

Ndipo akanieleza, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu ndipo penye dhambi yangu. Kumbe maneno ya binti yako hayakai ndani ya picha. Yanakaa pembeni, kwenye kifaili kidogo kilichopewa jina lile lile la video. Deki ikifungua video inatafuta mwenye jina kama hilo, ikimkuta inawatoa pamoja. Asipokuwepo inatoa picha peke yake, na hailalamiki.

Wifi, vifaili hivyo nilivifuta mimi. Siku flashi ilipofika, kabla ya kukaa sebuleni, kitinda mimba aliichomeka kwenye kompyuta ya rafiki yake tuongeze nyimbo za kwaya. Tukaona vitu kumi na viwili, nawe ulisema video sita. Akaniuliza hivi vidogo ni vya nini. Unanijua, mimi ni fundi wa nguo. Nikiona uzi unaning'inia naukata, ndiyo kazi yangu, nguo haitoki mikononi mwangu na nyuzi. Nikamwambia afute hivyo vidogo, tupate nafasi. Betri alicheka, akasema nilichofuta kisingejaza hata kijiko cha chai.

Mimi sikucheka. Nilisimama pale dukani nikaona kwamba maneno yako nimeyakata mara mbili siku moja. Mara ya kwanza kwenye flashi, bila kujua. Mara ya pili kwenye daftari, nikijua. Nilijiambia nampunguzia mume wangu aibu. Ukweli ni kwamba mkono ulikuwa umechoka, nami nilitaka kuendelea kucheka. Nimeliungama mbele za Mungu, na sasa naliungama kwako, dada yake.

Lakini Mungu hakutunyima vyote. Kifaili kimoja kilisalia. Kilikuwa chini kabisa, kidole cha kitinda mimba hakikufika. Ni cha ile video fupi, ya dakika moja na nusu, unapoonyesha dirisha la jikoni. Betri akaijaribu kwenye kile cheusi, na kweli, maneno yakaja. Madogo kama mchanga, lakini yakaja. Nikatoka mbio mpaka gereji, hata uchovu wa miguu sikuuhisi. Nikaandika kwenye daftari: "Dada yako anataka kusema nawe. Twende." Kaka yako akafuta mikono, akanifuata bila kuuliza.

Dukani kulikuwa na wateja, watu sita au saba hivi. Betri akaweka video kwenye televisheni kubwa ya kuuzia. Kaka yako akasogea, akasogea, mpaka pua ikakaribia kioo. Nikaona si haki mtu asome kama anayetafuta sindano. Betri akatoa kisanduku kile kikubwa chenye rimoti ya vitufe vingi, akabonyeza kimoja, herufi zikavimba mpaka aliyesimama mlangoni angeweza kusoma. Kaka yako akarudi nyuma hatua tatu, akasimama wima. Ukatokea. Chini ikaandika:

"Kaka, siku ile ya mtaro uliniangusha."

Naye, kwa ile sauti yake ya sasa ambayo haipimi tena, akaijibu televisheni mbele za watu:

"Uliteleza mwenyewe."

Herufi zikabadilika:

"Na usianze kusema niliteleza."

Duka zima lilicheka, wifi. Aliyekuja kununua balbu alicheka. Na kaka yako alicheka nao. Hakutazama nyuso zetu kwanza ajue kama kuna kicheko. Alicheka wakati ule ule, hata nadhani alitangulia kidogo. Akawageukia watu wale asiowajua akaanza kuwaeleza jinsi alivyokubeba mgongoni uvuke mtaro, ulivyokuwa mzito tangu darasa la kwanza, na viatu vyako vipya ulivyovishika mkononi badala ya kumshika yeye shingo. Mzee mmoja akamwunga mkono. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo nikatoa pochi.

Hapo Betri akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba kuna tatizo. Nilikuwa sijaona. Kumbe mashine ile haikutoa sauti. Watu wote walikuwa wamesoma. Akabonyeza hiki na kile, ukaendelea kutaja mambo yako bila mlio. Akasema sauti ya video zako ni ya aina ambayo kisanduku kile hakiijui, na kwamba kile cheusi kinaijua, ila chenyewe hakikuzi herufi. Sasa wifi, umeona mtego huo? Kimoja kinatoa sauti na maandishi ya mchanga. Kingine kinatoa maandishi makubwa na hakina sauti. Kuna na kile kibiriti, ambacho Betri anaapa kinafanya yote, lakini mtandao wetu ukiambiwa ulete picha unaleta nusu uso.

Nikamwandikia kaka yako yote, safari hii bila kupunguza, ukurasa mzima, naye amesimama ananisubiri. Akasoma mpaka mwisho. Akasema:

"Chukua hiki kisicho na sauti. Mwaka mzima nimewauliza ninyi anasema nini. Sasa mniulize mimi."

Nimekichukua, nacho kwa kujaribu. Na nyumbani ndiko nilikochanganyikiwa tena. Shangazi, kama nilivyokuambia, haoni herufi hata zikiwa kubwa kama viatu. Yeye alikuwa anakusikia tu. Jioni ya kwanza kaka yako aliingia na kiti chake, akakiweka pale katikati, akafungua video ya dirisha, akamsomea shangazi neno kwa neno kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akasema ni vizuri, lakini hiyo si sauti ya mtoto wake. Nikaliandika na hilo. Kaka yako akamshika shangazi mkono. Video ikaisha, dakika moja na nusu, kwa sababu zile nyingine tano bado ni picha bubu. Akabeba kiti akarudi uani.

Ndivyo tunavyoishi sasa. Kila jioni anaingia kwa dakika moja na nusu. Jana alirudia mara tatu, yaani alikaa karibu dakika tano. Nahesabu kama mgonjwa anayehesabu hatua.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, wifi yangu. Kwanza, vile vifaili vitano mvitume tena. Kitinda mimba anasema havina uzito, vinaweza kuja hata kwenye simu, na ameapa kwamba mimi sitavigusa. Pili, anasema binti yako anaweza kuzihifadhi video upya zikawa na sauti ya aina nyingine ambayo kisanduku hiki kinaijua, ili shangazi akusikie na kaka yako akusome kwa pamoja. Mimi sielewi linavyofanyika, nimeandika kama alivyonitajia. Kama haliwezekani niambie, nirudi kwa Betri kabla ya Jumamosi, ndiyo mwisho wa kurudisha.

Na lile la kabatini, msilipunguze hata neno. Mwandikieni na kelele alizopiga.

Nisalimie shemeji, mwambie tunamwombea zamu za mchana. Wabusu watoto kwa niaba ya mkazamjomba wao. Yule binti yako mkubwa mpe mkono mara mbili, wa shukrani na wa kuomba msamaha, kwa jioni zake nilizozifuta. Shangazi anasema uvae sweta. Mungu awalinde mnapotoka na mnapoingia, na mikono yenu isikose kazi wala afya.

Mimi wifi yako, ninayekupenda bila kukufupisha,
Mke wa kaka yako

Tafadhali nijibu mapema, ikiwezekana kabla ya Jumamosi.