Maelezo ya Fundi Korane Dagane Kuhusu Gari la Stima Lililoshushwa

KITUO CHA POLISI, GARISSA MJINI
Jumatatu, tarehe 27 Oktoba 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi

Jina la shahidi: Korane Dagane Abdille
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi wa magari, ana gereji yake mwenyewe
Makazi: Bulla Iftin, Garissa
Lugha: Kiswahili, na Kisomali pale shahidi alipokosa neno

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, hakuna aliyeniita. Inspekta amenionya kwamba nitakayosema yanaweza kutumiwa dhidi yangu mahakamani. Nimeelewa, na bado nataka kusema.

Nimekuwa fundi kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka wa 2023 nilihudhuria mafunzo ya siku tano Nairobi kuhusu magari ya stima. Tangu hapo magari hayo yakiharibika hapa Garissa huletwa kwangu, ingawa yote kwa jumla hayazidi sita. Mojawapo lilikuwa gari dogo jeupe la Hinda Sakariye, mkunga wa hapa mjini, mwenye umri wa miaka 34. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika. Alilichaji kwa sola iliyo juu ya paa la nyumba yao. Hinda nilimfahamu vizuri. Ndiye aliyemzalisha mke wangu Sahro mtoto wetu wa mwisho.

Mnamo tarehe 9 Oktoba, siku ya Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, gari hilo lililetwa gerejini na Deeq Sakariye, mdogo wake Hinda. Deeq ana miaka 25 na ana duka la simu. Alikuwa na rimu nne mpya za inchi kumi na nane, zimevishwa tairi nyembamba. Alisema Jumapili kuna arusi ya binamu yao na gari hilo ndilo litakalombeba bwana arusi. Alitaka nifunge rimu hizo, kisha nilishushe gari lilale chini, kama yale anayoyaona kwenye simu.

Nilimuuliza, "Hinda anajua?"

Akasema, "Amekubali, abowe. Yuko Wajir kwenye semina, atarudi Jumanne."

Abowe ni kaka mkubwa. Wote wawili walikuwa wakiniita hivyo. Namba ya Hinda ilikuwa kwenye simu yangu, lakini sikumpigia.

Nilimwambia Deeq kwamba gari la stima si kama la petroli. Betri yake ni sanduku kubwa la chuma lililolala chini ya sakafu, kutoka viti vya mbele hadi vya nyuma. Ukilishusha gari unaishusha betri iwe karibu na mawe. Pia nilimwambia kwamba rimu kubwa inakuja na mpira mwembamba, na mpira mwembamba haumezi shimo. Deeq akacheka. "Litapita lami tu, Korane. Ni la mjini hili."

Hakunilazimisha, na sitaki iandikwe kwamba alinilazimisha. Nilitaka kuona kama naweza. Hakuna fundi mwingine hapa aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa gari la stima, na nilijua likiongoza msafara wa arusi watu watauliza ni kazi ya nani.

Nilitoa springi zote nne na kuzikata kwa grainda, mzunguko mmoja na nusu kila moja. Kabla ya kukata nilipima kutoka ardhini hadi chini ya betri, nikapata sentimita kumi na sita. Baada ya kurudisha springi na kufunga rimu mpya zilibaki kumi na moja, gari likiwa tupu. Watu watatu walipokaa ndani tairi za nyuma zilianza kukwaruza bodi. Nilipiga ukingo wa bodi kwa nyundo, juu ya tairi, ili kupata nafasi. Upande wa kushoto niligonga mpaka kona ya mlango wa nyuma ikapinda kidogo. Tangu hapo mlango huo haukufunguka kutoka ndani. Ilibidi mtu auvute kutoka nje, kwa nguvu. Nilimwambia Deeq nitaurekebisha baada ya arusi. Sikuurekebisha.

Jumapili tarehe 12 Oktoba gari lilimbeba bwana arusi. Mimi mwenyewe nililiona likipita, nikapiga picha.

Mnamo tarehe 15 Oktoba, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Hinda alikuja gerejini. Hakunisalimu kama kawaida. Alisimama mlangoni akasema, "Abowe, gari langu mmelifanya nini?"

Nikamwambia Deeq alisema umekubali.

"Deeq aliniuliza kama anaweza kulipamba. Nikadhani ni maua." Kisha akasema, "Lirudishe lilivyokuwa."

Nilimweleza kwamba springi za zamani zimekatwa, hazirudi tena kuwa ndefu, na kwamba nitaagiza nyingine kutoka Nairobi, zitachukua wiki moja. Aliuliza kama anaweza kuliendesha hadi zifike. Nilimjibu, "Kwenye lami, pole pole, hakuna shida." Aliniamini. Kabla ya kuondoka aliuliza hali ya mtoto.

Mnamo tarehe 18 Oktoba, siku ya Jumamosi, nilikuwa gerejini nikitengeneza breki za lori la maji. Mwenye lori alikuwa amesimama juu yangu akiniharakisha. Saa nne na dakika arobaini asubuhi Hinda alinipigia. Mazungumzo yalikuwa ya dakika mbili na sekunde kumi na moja. Muda huo upo kwenye simu yangu, nimemwonyesha Inspekta.

Hinda alisema yuko barabara ya Modogashe, yeye na mama yake, Amino. Walikuwa wanaenda kumwona mjomba wake Hinda aliyekuwa mgonjwa. Mahali fulani lami ilikuwa imekatwa na mafuriko, magari yanateremka kando na kupita ndani ya laga, yaani mto mkavu. Humo jiwe liligonga chini ya gari.

Nakumbuka maneno yake. Alisema, "Limegonga vibaya, abowe. Mama ameruka kwenye kiti. Sasa taa nyekundu imewaka."

Nikamuuliza, "Gari linatembea?"

"Linatembea. Nimesimama sasa, pembeni."

"Kuna moshi?"

"Hakuna. Lakini mama anasema kuna harufu. Kama ya rangi ya kucha."

Kule Nairobi mwalimu alituambia jambo moja, akalirudia kila siku ya zile siku tano. Betri ikigongwa, ukasikia harufu tamu kama ya dawa, toa watu wote, waende mbali, usirudi kuchukua hata mkoba. Nilijua harufu hiyo ni ya nini: betri imepasuka, inaweza kuwaka. Nilijua pale pale, nikiwa na simu sikioni.

Nilimwambia, "Ni ile plastiki ya chini, imeng'oka inagusa tairi. Endesha pole pole. Mbele kuna maduka, kama kilomita nne. Simama hapo kivulini, nakuja."

Inspekta ameniuliza kwa nini nilisema hivyo. Jua lilikuwa kali na mama Amino ana ugonjwa wa magoti, hawezi kusimama muda mrefu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa siku ile. Sababu ya kweli ni nyingine. Gari likivutwa kwa kamba kutoka katikati ya barabara hadi mjini, kila fundi na kila dereva angeinama kulitazama chini na kuona kazi yangu. Nilitaka lifike mahali ambapo ningeinama mwenyewe kwanza.

Hinda alisema, "Sawa, abowe." Akakata simu.

Nilimaliza kufunga gurudumu la lori. Saa tano na dakika tano nilimpigia Deeq, nikampitia dukani kwake, tukaondoka kwa pikapu yangu. Njiani nilimpigia Hinda mara tatu. Simu iliita mara ya kwanza tu.

Saa tano na dakika hamsini hivi, kama kilomita thelathini na nane kutoka mjini, tuliona moshi. Ulikuwa mweupe, mzito, haukupanda juu. Deeq alisema, "Hao ni watu wanachoma mkaa." Niliongeza mwendo.

Gari lilikuwa kando ya barabara, halijayafikia maduka. Limebaki chuma, na chini yake moto bado ulikuwa unatoka kwa sauti kama ya gesi. Lori la mbuzi lilikuwa limesimama, na dereva wake na wenzake wawili walikuwa wakitupa mchanga kwa sufuria. Haukusaidia.

Mama Amino alikuwa amelala juu ya turubai kwenye kivuli cha lori. Mikono yake na mguu mmoja vilikuwa vimeungua. Hinda alikuwa amekaa karibu naye. Sitaeleza alivyokuwa. Daktari ameandika.

Dereva wa lori alinieleza alichokiona, naye ameshaandikisha maelezo yake. Alisema moshi ulianza chini ya gari, Hinda akasimama na kutoka nje. Alikwenda mlango wa nyuma wa kushoto, alipokaa mama yake. Aliuvuta, ukakataa. Aliweka mguu kwenye bodi akauvuta kwa mikono miwili. Ulipofunguka moto ulikuwa umeshaingia ndani. Aliingia nusu mwili, akamsukuma mama yake nje. Yeye ndiye aliyechelewa kutoka.

Deeq alianguka magotini mbele ya dada yake. Hinda hakumtazama, alinitazama mimi. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini maneno niliyasikia yote.

"Ulisema pole pole," alisema. "Nilienda pole pole."

Hakuyasema kwa hasira. Alikuwa ananieleza, kama mtu anayetaka fundi ajue kwamba alifuata maagizo.

Tuliwapakia kwenye pikapu tukawafikisha hospitali saa saba kasoro dakika chache. Hinda alifariki tarehe 21 Oktoba, siku ya Jumanne, alfajiri. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya Adhuhuri. Nilikuwepo makaburini, nikasimama safu ya mwisho.

Wazee wa kwetu na wa kwao Hinda wamekaa mara mbili kuzungumzia kifo hiki. Mzee wetu mmoja aliniambia, "Sema ulimwonya kijana. Hilo ni kweli. Usiongeze lingine." Ni kweli nilimwonya. Deeq alipokuja hapa kuandikisha maelezo alisema ni yeye aliyemuua dada yake. Msikitini hakuna anayekaa karibu naye. Kosa la rimu na springi ni lake na langu. La simu ni langu peke yangu, na yeye halijui. Naomba Inspekta amwambie, au nitamwambia mwenyewe nikiruhusiwa.

Jana Jumapili, saa kumi alasiri, nilikwenda hospitali kwa mama Amino. Mikono yake imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko. Siku ya tukio alikuwa ndani ya gari, aliisikia sauti yangu kwenye simu, lakini hakujua nililolijua. Nilimwambia yote: mafunzo, harufu, na kwamba nilimdanganya binti yake.

Akauliza, "Hinda alijua kwamba ulijua?"

Nikasema, "Hapana, eedo," yaani shangazi.

Akasema, "Basi alikufa akikuamini." Aligeuza uso ukutani. Nilisubiri aseme neno jingine, hata la kunilaani. Muuguzi akaja, akaniambia nitoke.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, na sehemu ya simu kwa Kisomali pia. Ni ya kweli.

Sahihi: K. Dagane

MAELEZO YA AFISA: Yameandikwa na mimi, Inspekta Daud Abdiwali, kwa mkono, kuanzia saa tatu na dakika ishirini hadi saa sita kasoro robo. Shahidi hakutishwa wala kuahidiwa chochote. Aliomba mapumziko mara moja, akanywa maji. Nilipomsomea alirekebisha neno moja. Kwenye sehemu ya harufu mimi nilikuwa nimeandika "nilidhani". Alisema hakusema hivyo, akaomba lifutwe na liandikwe "nilijua". Nimelifuta mbele yake, naye ametia sahihi pembeni. Shahidi amebaki kituoni.