Pale Nilipokata Sauti ya Mzee

Jumanne, 9 Septemba
Utangulizi nimerekodi mara sita. Kabati limejaa mablanketi ili sauti isirudi, na mimi humo ndani natota jasho. Jogoo wa jirani kaniharibia mara mbili. Podikasti ni ya mumiani: kwa nini watu wa makambi ya mkonge waliamini kuna wanyonya damu. Miezi minne nahoji wazee na kusoma madaftari ya zahanati yaliyoliwa na mchwa. Nataka kueleza, sitaki kutisha. Ila usipotisha kidogo, nani atasikiliza?

Alhamisi, 11 Septemba
Mzee Mhina ndiye roho ya kipindi. Alikuwa msaidizi wa zahanati ya shamba. Bado anaishi kambini, peke yake, anafunga vidonda vya watoto bure. Leo nimekaa naye masaa matatu. Kaeleza kila kitu. Walikuwa wanapima matende, na vijidudu vyake huonekana kwenye damu usiku. Kwa hiyo walipita usiku, na taa, na sindano. Watu wakajaza mengine wenyewe. Daktari niliyemhoji mjini naye kathibitisha.

Salehe, anayehariri sauti zangu akiwa Handeni, anasema kipindi ni kirefu mno. Tugawe viwili.

Ijumaa, 12 Septemba
Kimetoka. Sehemu ya kwanza inaishia kwa mzee: "Damu tulichukua, ndiyo. Usiku." Kimya. Halafu ngoma ya Salehe, taratibu. Nywele zilinisimama. Maelezo yote yako sehemu ya pili, Ijumaa ijayo. Najiona fundi. Nimejipongeza kwa chipsi mayai.

Jumapili, 14 Septemba
Sijawahi kusikilizwa hivi. Kumbe kuna mtu kakata zile sekunde za mwisho tu, zinazunguka kwenye magrupu. Nilifurahi mpaka mchana. Kisha nikasoma chini yake: huyu babu namjua. Mwingine kataja kambi. Jina lake sikulitaja popote. Sauti imetosha, Korogwe ni ndogo.

Jumatatu, 15 Septemba
Mama mmoja kaja steshenari kwangu kutoa kopi. Kanihadithia, kambini kuna mtoto kalazwa, kaishiwa damu. Nesi kasema malaria. Yeye anasema nesi hawezi kusema ukweli, babu mwenyewe si kakiri. Hakujua kipindi ni changu. Nikazihesabu kopi zake, nikampa. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 17 Septemba
Nimemwambia Salehe tutoe sehemu ya pili leo. Kasema tungoje Ijumaa, watu wana hamu. Nimemtukana. Imetoka saa saba mchana. Mpaka jioni waliosikiliza hawajazi hata darasa. Kipande cha daktari hakuna aliyekikata akakisambaza.

Alhamisi, 18 Septemba
Bodaboda hadi kambini. Vijana wamekaa mkabala na nyumba ya mzee, salamu yangu hawakuitikia. Mlango umepigwa mawe, mbao mbili zimepasuka. Shikamoo yangu kaipokea bila kuniangalia. Watoto hawaji tena. Jana kamwona mmoja mguu unatoa usaha, alipomwita katimua mbio. Hilo limemuuma kuliko mlango.

Nimemsihi aende Mombo kwa binti yake, anayeuza chakula kwa abiria wa mabasi. Kasema kaishi hapa miaka hamsini, ajifiche kwa kosa gani. Kosa ni langu. Naogopa.

Jumamosi, 20 Septemba
Mtoto amefariki.

Simu ya mzee haipatikani. Nimempigia mtendaji wa kijiji. Kasema anajua, ametuma mgambo. Wangapi? Wawili. Sehemu ya kwanza nimeifuta. Kile kipande hakifutiki, leo nimetumiwa tena na shangazi yangu mwenyewe, ananionya nisipite kule.

Jumapili, 21 Septemba
Binti yake kapiga kutoka Mombo. Mgambo walimtoa baba yake kwa mlango wa uani. Nyumba imeungua yote, na sanduku lake la bandeji. Yuko mzima. Haongei. Nimeomba niende kumwona. Binti kasema, "Dada, naomba usije." Hakunifokea. Heri angenifokea.

Jumapili, 28 Septemba
Steshenari nimefunga mapema. Nimesikiliza rekodi nzima ya mzee, ile ambayo haijaguswa. Baada ya "Usiku" kuna kuku, kuna kiti kinavutwa. Halafu yeye: "Sasa ngoja nikwambie kwa nini usiku, mjukuu wangu. Usije ukawaacha watu hapo."

Halafu sauti yangu, changamfu kweli: "Usijali mzee, hiyo tutaiweka huko mbele."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimerudia mara tatu. Kisha nimeyatoa mablanketi kabatini, nikayaanika uani.