Fundi Hafi kwa Msumari

3 Machi
Baba, shikamoo.
Natumaini hujambo na sukari haijapanda. Nakuandikia ujumbe wa simu kwa kuwa masikio yako yameliwa na nyundo, ukipigiwa husikii. Mchezo wa kompyuta tuliokuwa tukiutengeneza kazini umetoka, hata kwenye simu unachezwa. Shujaa ni fundi wa mapaa, anakohoa kama wewe na kuigonga ngazi kabla ya kupanda. Anaanguka ghorofani, anapigwa radi, anapigana na majitu, hafi. Akikanyaga msumari peku, chali! Hapo watu wanavunjika mbavu. Wazo hilo nimelitoa kwako, ulivyozoea kuniambia: "Vaa buti, msumari hauna rafiki."
Mwanao

19 Machi
Mwanangu, marahaba.
Sisi wazima, mama yako anakusalimu. Nimeucheza. Majitu nimeyatwanga yote, kisha nikafa kwa msumari, mama yako akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Napanda mapaa tangu hujazaliwa, sijaanguka hata siku moja, nawe unaniua kwa kitu cha kuokota? Uondoe msumari huo.
Baba yako

27 Machi
Baba, shikamoo.
Poleni na kazi. Usikasirike, bosi amekataa katakata. Anasema kuuawa na jitu kila mtu anakutarajia, kufa kwa msumari ndiko kunakosimuliwa. Na fundi anafufuka palepale, na buti zake mguuni.
Mwanao

20 Aprili
Mwanangu,
Hatujambo, ila leo cheka wewe. Nimeezeka paa la shule, nikarudi, nikavua buti uani miguu ipate hewa. Nikakanyaga msumari wangu mwenyewe! Wala sikuusikia, mama yako ndiye aliyeona damu sakafuni. Kidonda nimekiosha kwa maji ya chumvi, mambo yamekwisha.
Baba yako

20 Aprili
Baba, salamu baadaye. Nenda hospitali leo hii! Mwenye sukari hachezi na kidonda cha mguu. Naogopa, baba.
Mwanao

22 Aprili
Mwanangu, hujambo?
Mchezo umekupanda kichwani. Fundi wa kweli hafi kwa msumari. Nina paa la kumalizia.
Baba yako

4 Mei
Baba, shikamoo.
Hujibu, na simu ya mama inaita tu. Nimeutoa msumari bila kumwuliza bosi. Akinifukuza, na anifukuze. Sasa fundi anatembea peku popote, hadhuriki. Niandikie hata neno moja.
Mwanao

16 Mei
Mwanangu, marahaba.
Nipo hospitali. Mguu wa kushoto wameukata chini ya goti. Nimelia, sikufichi. Jana mama yako aliniletea nguo za kurudia nyumbani na buti zote mbili, kwa mazoea. Ya kushoto akairudisha mfukoni.
Ule msumari urudishe. Ila kabla fundi hajaukanyaga, mwekee mtoto wa kumwonya, naye fundi ajifanye hasikii. Watu wacheke, sikatai. Lakini akifufuka, mpe buti moja.
Baba yako